UZI: Kabla hujaanza ushauri nasaha hapa Mwanza, mambo ya kujua na maswali ya kuuliza

Mwalimu wa Pasiansi

Wakuu, habari za jioni. Nilipochangia kwenye mada ya wafiwa na kutaja kwamba niliwahi kutibiwa na mwanasaikolojia, watu wengi wamenifuata pembeni kuuliza. Wengine wako hapa hapa mjini, wengine Magu, Sengerema, Ukerewe. Maswali yanafanana: nianzie wapi, nitaulizwa nini, siri yangu itakaa, nitajuaje kama nasaidika. Nimeona heri niyaweke sehemu moja, wenye uzoefu waongezee.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na ni mjane. Baba watoto alifia ziwani. Nilikaa kwenye ushauri nasaha kwa kipindi kirefu, na baada ya hapo nimewasindikiza ndugu zangu na baadhi ya wanafunzi wangu. Sina taaluma ya tiba. Naandika kama mtu aliyekaa upande wa mteja, na ninachotaka mkishike kuliko vyote ni hiki: nendeni mkiuliza, na mkiulizwa jibuni ukweli. Ile heshima tuliyofundishwa kumpa daktari, ya kuitikia kila kitu na kunyamaza, ndiyo inayowatoa watu wengi kule mikono mitupu.

Tazama tunavyotibiwa siku zote. Unaingia, unasema panapouma, daktari anaandika, unasema "asante daktari", unaelekea dirisha la dawa. Kwa malaria inatosha, maana damu itapimwa na majibu yatatoka hata kama wewe ni mtu wa maneno machache. Kwa mshauri nasaha hakuna damu ya kupima. Anafanyia kazi yale unayomwambia. Na sisi tumelelewa kwamba ukijuliwa hali unajibu njema, hata kama umetoka kuzika. Msukuma atakujibu "mhola" huku moyoni anawaka moto.

Nilimsindikiza shangazi yangu siku yake ya kwanza. Mshauri, binti mdogo tu kwa umri, akamwamkia, akamuuliza hali. "Salama mwanangu, tunamshukuru Mungu." Usingizi? "Tunalala." Chakula je? "Tunakula." Mimi naishi naye nyumba moja. Usiku alikuwa anaketi kitandani hadi adhana ya alfajiri, na tonge la ugali analifinyanga mkononi kisha analirudisha kwenye sahani. Shangazi hakuwa anadanganya, alikuwa anatunza adabu. Yule binti akaweka kalamu chini akamwambia, "Mama, hapa ukiniambia mabaya hujanikosea heshima. Ndiyo kazi iliyoniweka hapa." Shangazi akakaa kimya kitambo, akafunga vizuri khanga yake, akasema, "Basi silali." Mimi nikaombwa nitoke nje, nikatoka.

Kwa hiyo ukiulizwa hali, taja hali yenyewe.

Mwalimu wa Pasiansi

Naendelea. Nani ni nani, maana watu wanawachanganya.

Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea kwenye akili. Anaweza kukuandikia dawa na kukulaza, na anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwanasaikolojia amesomea saikolojia, anatibu kwa mazungumzo na mazoezi, dawa haandiki. Afisa ustawi wa jamii ni wa kumtafuta pale shida inapogusa matunzo ya watoto, ukatili wa nyumbani, au mgonjwa asiye na uwezo wa kulipia matibabu. Mshauri nasaha ndiye wa kuuliza vizuri, kwa sababu mmoja anaweza kuwa na shahada na mwingine ana semina ya siku chache, na wote wawili wameandika hivyo hivyo mlangoni.

Hapa kwetu, Bugando kama hospitali ya rufaa ya kanda ina idara ya magonjwa ya akili, na Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Aliye mbali na mjini aanzie kituo cha afya au hospitali ya wilaya, aeleze tatizo, aombe rufaa. Mwenye bima aulize mapema kabisa kama bima yake inalipia vikao vya mazungumzo au inalipia kumuona daktari na dawa tu. Swali hilo liulizwe kabla ya kuingia, usije ukajikuta kaunta unahesabu nauli ya kurudi Misungwi.

Kuna wanaoogopa kuonekana. Nawaelewa. Huduma hii wengi wetu tuliiona kwa mara ya kwanza kwenye vituo vya kupima VVU miaka ya 2000, Angaza na vinginevyo, kwa hiyo hadi leo jirani akikuona unatoka kwa mshauri anajua umekwenda kupima. Au anasema umechanganyikiwa, unapelekwa Mirembe. Mirembe iko Dodoma, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na wanaotibiwa huko ni watu kama sisi. Lakini mtu anayekosa usingizi kwa sababu ya msiba au madeni anatibiwa hapa hapa, anarudi nyumbani kwake siku hiyo hiyo, na kesho yupo kazini.

Sasa maswali. Kabla hujaanza kusimulia lolote, muulize: umesomea nini, wapi, na umefanya kazi hii muda gani? Watu wenye tatizo kama langu umewahi kuwasaidia? Unatumia njia gani? Kikao ni dakika ngapi na bei gani? Nikishindwa kuja, nalipa? Tutakaa vikao vingapi kabla hatujaangalia kama kuna nafuu? Yanayoandikwa kwenye faili yanasomwa na nani? Nikizidiwa usiku nifanye nini?

Najua hapo baadhi yenu mmeshtuka. Utamuulizaje mtaalamu amesoma wapi? Utamuuliza kwa upole, kama unavyomuuliza fundi amejenga wapi kabla hujamkabidhi kiwanja. Mshauri mzuri anafurahi kuulizwa. Anayekasirika kwa swali la cheti chake, mimi nisingemwachia moyo wangu.

Mama Kishiri

Mwalimu shikamoo, na pole kwa msiba. Mimi kinachonizuia ni siri. Mji wetu ni mdogo. Kila mahali nikienda kuna mtu wa kanisani kwetu au wa kikoba chetu. Nikimwaga ya nyumbani kwangu Jumatatu, Jumapili nitayakuta kwenye kwaya. Kweli yule mtu hasemi?

Mwalimu wa Pasiansi

Marahaba mwanangu, asante. Umegusa penyewe, nitakaa hapa kidogo.

Siri ndiyo nguzo ya kazi yao. Mtaalamu akitoa mambo yako nje amevunja maadili ya kazi, na sheria nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, zinazotakiwa kulindwa zaidi ya nyingine. Kwa hiyo hatunzi siri yako kwa hisani tu.

Lakini siri ina mipaka, na mipaka hiyo aikueleze siku ya kwanza kabla hujafungua kinywa. Ukiwa katika hatari ya kujiua, atatafuta msaada hata kama hutaki. Ukimwambia unapanga kumdhuru mtu, hatanyamaza. Ukimwambia kuna mtoto anafanyiwa ukatili, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa, naye yumo. Na mahakama ikiamuru, inaweza kudai. Nje ya hapo, yako ni yako. Asipokueleza mwenyewe, muulize: "Ni mambo gani nikikuambia utalazimika kuyatoa nje?" Na usikilize jibu. Anayekujibu "usijali, hapa ni siri tupu" hajajibu.

Sasa hilo la mji mdogo. Mshauri hatakiwi kuwa ndugu yako, wala shemeji, wala mwenzako wa kikoba. Ukifika ukamkuta ni mtu mnayefahamiana, una haki ya kusema, "Dada, tunajuana, naomba unipeleke kwa mwingine." Hatanuna, wamefundishwa hivyo. Kubalianeni pia kwamba mkikutana sokoni Mlango Mmoja yeye hatakusalimia kwanza, mpaka uanze wewe. Wa kwangu alinieleza hilo mapema, na siku tuliyopishana kwenye duka la vitambaa alipita kama hanijui. Nilipumua.

Na mtazame mapokezi. Watu wengi wanafikiria mdomo wa mshauri na kusahau dirisha la kuandikia majina. Mahali ambapo mhudumu anakuuliza kwa sauti mbele ya foleni "umekuja kwa tatizo gani?", jibu fupi linatosha: "Nina miadi ya kliniki." Ukilazimishwa, omba kusogea pembeni. Mlango wa chumba ufungwe, na simu zenu zote mbili ziwe kimya. Kuna mahali niliwahi kumpeleka ndugu yangu, sitapataja, mlango uliachwa wazi na watu wakawa wanaingia kuchukua mafaili. Tulisimama tukaaga. Si lazima ukae.

Kijana wa Mabatini

Mwalimu nakuheshimu sana, ila nisaidie hapa. Nilipe hela ili niongee? Nina washkaji, nina bi mkubwa, nina kijiwe. Kuongea nako ni dawa?

Mwalimu wa Pasiansi

Swali zuri mdogo wangu. Kijiwe chako kitunze, kina faida yake. Ila rafiki anakusikiliza huku anasubiri zamu yake, na kesho ana maoni juu ya mkeo. Mshauri hana upande kwenye ugomvi wenu, na ana mpango.

Mfano wa Afrika hii hii. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 pale Mbare, Harare, kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuongea na wenye msongo. Hawakuwa wanapiga soga. Walifundishwa utaratibu: mtu anataja matatizo yake yote, anachagua moja, wanatafuta hatua anayoiweza, anaenda kuifanya, anarudi kueleza. Wakafanya utafiti wakilinganisha na waliopata huduma ya kawaida, matokeo yakachapishwa mwaka 2016: miezi sita baadaye waliokaa na bibi wale walikuwa na dalili kidogo sana za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, kuliko wenzao.

Na mimi nikupe la kwangu, uone kwamba si maneno matupu. Baada ya msiba sikuweza kulitazama ziwa. Mtu wa Mwanza utalikwepa wapi? Nilikuwa nazunguka njia ndefu kwenda kazini nisione maji. Watoto walikuwa wanaalikwa Sengerema kwa baba yao mkubwa, nawakatalia. Mshauri hakuniambia "jikaze", wala hakuniambia "muda utaponya". Tulichora ngazi kwenye karatasi. Chini kabisa, kukaa dirishani kwenye daladala upande wa ziwa. Juu yake, kwenda Mwaloni Kirumba kununua dagaa na kukaa pale hadi moyo upungue kwenda mbio. Halafu kusimama gatini Kamanga bila kupanda. Halafu kupanda kivuko kikiwa kimefungwa na kushuka. Mwisho kuvuka.

Alinieleza sababu yake: hofu ukiikimbia inakua, kwa sababu unaondoka ikiwa kileleni, na mwili unaamini kukimbia ndiko kulikokuokoa. Ukikaa nayo mahali salama inapanda, inafika mwisho wake, inashuka yenyewe. Pale Mwaloni nilishika nguzo ya kibanda cha mama mmoja anayeanika dagaa, jasho linanitoka, natazama maji. Mama wa watu akanipa kigoda bila kuuliza. Nilikaa mpaka nikaanza kusikia tena kelele za soko, wapakuzi, redio, watu wanaopatana bei. Hapo ndipo nikajua imeshuka. Kuvuka nilivuka baadaye, na wanangu.

Njia hizi zina jina na historia. Tiba ya fikra na tabia, ile wanayoiita CBT, iliwekewa misingi na Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960. Kwa kawaida inachukua vikao kati ya 6 na 20, kimoja kwa wiki, na unapewa kazi ya nyumbani. Ukienda ukiwa tayari kufanya kazi hiyo, hela yako haipotei.

Nesi Mstaafu

Mwalimu, umeeleza vizuri mwanangu. Niongeze ya upande wetu.

Kabla mtu hajasema ni mawazo, apimwe na mwili. Upungufu wa damu unachosha, tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango inamfanya mtu awe mzito, mnyonge, asiyetaka watu, na kwa macho unaweza kudhani ni sonona. Mama aliyejifungua karibuni asisahau kusema. Halafu leta dawa zako zote kwenye mfuko, za presha, za kisukari, ARV, za kienyeji, zote. Usione haya kutaja za mganga. Tunauliza kwa sababu dawa zinagongana mwilini, hatuulizi ili tukuhukumu.

Ukiandikiwa dawa za sonona, usitegemee kesho. Wiki mbili hadi nne ndiyo unaanza kuona mabadiliko, wengine zaidi. Wengi wanaziacha wiki ya kwanza kwa sababu kichefuchefu kimekuja na nafuu haijaja. Wengine wanapata nafuu wanaziacha ghafla, wanarudi wakiwa wabaya zaidi. Usiache bila kuongea na aliyekuandikia. Na mtu kutumia dawa na mazungumzo pamoja ni jambo la kawaida, kwa wenye hali nzito mara nyingi ndiyo bora.

Mvuvi wa Kayenze

Wakuu, mimi nafanya dagaa. Wanataka niende kila wiki siku moja ile ile. Nitaendaje wakati giza likiingia tunalala ziwani wiki nzima? Na nikiwa nchi kavu, ukweli nakunywa. Ndugu yangu alizama, mimi nilikuwa mtumbwi wa pili.

Mwalimu wa Pasiansi

Kaka, pole sana. Pole kweli. Nimesoma mstari wako wa mwisho mara mbili, na ningeomba mstari huo huo ndio uanze nao kwa mshauri. Usianze na pombe, anza na mtumbwi wa pili.

Kuhusu ratiba, mweleze kazi yako ilivyo. Mshauri aliyekulia bara anaweza asijue kwamba wavuvi wa dagaa mnafanya kazi ya taa kwenye giza na kupumzika kipindi cha mbalamwezi. Mwambie: kwenye mbalamwezi naweza kuja hata mara mbili kwa wiki, kwenye giza siwezi. Hilo linapangika. Ukinyamaza, ukakosa vikao viwili, ataandika kwamba umeacha.

Kuhusu pombe, usiende umekunywa, na usifiche kwamba unakunywa. Taja kiasi. Kama ni kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, usiache ghafla peke yako, mwone daktari, maana kuacha ghafla kwa mtu wa namna hiyo kunaweza kuleta degedege.

Nimeona watu wengi wa kanda hii wamebeba mizigo ya ziwa kimya kimya. MV Bukoba ilizama mwezi wa Mei 1996, na makaburi yapo pale Igoma. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara mwezi wa Septemba 2018. Kuna watu hawajasema neno hadi leo, na kimya chao kinaonekana ukubwani kwa watoto. Kaka, nenda.

Mzawa wa Ukara

Mwalimu umetaja kwetu. Mama yangu alimpoteza mdogo wake siku ile. Kiswahili anakisikia lakini ya moyoni anayasema kwa Kikara. Pia anaamini kuna mkono wa mtu. Nikimpeleka si watamcheka?

Mwalimu wa Pasiansi

Hawatakiwi kumcheka, na akichekwa mrudishe nyumbani. Piga simu kwanza uulize kama kuna mtaalamu anayejua lugha ya nyumbani, au wa kisiwani anayeisikia. Akikosekana na ikabidi awepo mkalimani, usiwe wewe. Mama hatamwambia mwanae kwamba anatamani kufa. Atafutwe mtu mzima asiye wa ukoo, aelezwe habari ya siri mbele ya mama.

Hilo la mkono wa mtu, mshauri aliyesoma vizuri hataanza kwa kubishana nalo. Atamuuliza anafikiri nini kilitokea, tangu lini, na kinamfanya aogope nani. Mwache aeleze yote. Ila kitu kimoja ukilinde wewe kama mtoto: hasira ya msiba isimwangukie mwanamke mzee wa jirani. Kanda ya Ziwa tumeshaumia sana kwa jambo hilo. Ukisikia mama anataja jina la mtu, mweleze mshauri.

Nyegezi Kona

Mimi nilienda mara moja. Alinijazisha fomu ya maswali, akasema nina sonona, akanipa tarehe. Sikurudi. Niliona kama mtihani.

Mwalimu wa Pasiansi

Pole. Nadhani ni lile dodoso la maswali tisa, PHQ-9. Ningependa watu walijue kabla ya kukutana nalo. Linauliza juu ya wiki mbili zilizopita: umekosa hamu ya kufanya mambo? Umekuwa mnyonge? Usingizi, uchovu, kula, kujiona umeshindwa, kukosa utulivu wa kusoma au kusikiliza, kuongea au kutembea polepole kuliko kawaida au kinyume chake kutotulia kabisa. La tisa linauliza kama umewaza kwamba ni heri ungekuwa umekufa, au kujidhuru. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla yake 27, na kuanzia 10 mtaalamu anaanza kuangalia kwa uzito zaidi. Kama mwalimu nakuambia, hakuna kufaulu wala kufeli hapo. Kazi yake kubwa ni kwamba ukijaza tena baada ya wiki kadhaa, unaona kwa macho kama 18 imekuwa 11.

Lile la tisa lijibuni kwa ukweli. Kulikubali hakufanyi ufungiwe papo hapo. Mtaalamu ataendelea kuuliza: unawaza tu, au una mpango, una kitu cha kutumia, nani yuko nyumbani? Anatafuta namna ya kukulinda.

Lakini alikosea kukupa jina la ugonjwa bila kukueleza maana yake wala mpango wa kutibu. Rudi, au nenda kwa mwingine. Kikao cha kwanza kwa kawaida ni cha kukusanya habari, ndiyo maana wengi wanatoka wamechoka na hawana nafuu, wengine wanajisikia vibaya zaidi siku mbili tatu kwa sababu kidonda kimefunguliwa. Mpe vikao vitatu vinne. Kama bado unaona hakuelewi, anakuhubiria, anaangalia simu, anakusimulia mambo yake, mwambie: "Naona hatuendani, nielekeze kwa mwenzako." Anayekutaka kimapenzi, anayekukopa hela, anayekuambia usimweleze mtu mnayoyafanya humo ndani, usimpe kikao kingine. Huyo ashtakiwe.

Mama Kishiri

Mwalimu, na mimi na baba watoto twende pamoja?

Mwalimu wa Pasiansi

Kama ni kutoelewana kwa kawaida, ndiyo, na muulizeni mapema kama mmoja akimwambia siri peke yake ataificha kwa mwingine. Kama kuna kipigo au unamwogopa, usianze na kikao cha pamoja. Utakachosema pale utakilipia nyumbani. Anza peke yako, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Nitakuandikia pembeni.

Binti wa Malimbe

Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo hapa. Hela ya kwenda huko sina, na chumba cha kupanga kuta hazifiki juu, hata kwa simu siwezi kuongea, mwenye chumba cha pili anasikia hadi nikigeuka kitandani. Siku hizi siingii hata darasani. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Pasiansi

Marahaba binti yangu. Anzia chuoni. Nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi, useme sentensi moja tu: "Sina nguvu ya kuingia darasani, naomba kuonana na mtu wa ushauri." Huna haja ya kueleza zaidi ya hapo mapokezini. Kama kuna wa kukuelekeza hospitali, omba barua ya rufaa, na ulizia kuhusu bima ya wanafunzi.

Ukipata mshauri wa simu, tafuta darasa tupu mchana, au kaa kwenye mawe mbali na njia, uwe na spika za masikioni, na mkubaliane neno la kusema mtu akikaribia ili mbadili mazungumzo. Hakikisha chaji na bando, maana kukatika katikati ya kilio kunauma.

Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi: imeanza lini, usiku unalalaje, umekula nini jana, kitu gani ulikuwa unakipenda na sasa hukitaki, dawa unazotumia, na maswali mawili utakayomuuliza yeye. Ukishindwa kuongea, mpe karatasi asome. Wengi wanafanya hivyo. Kulia ukilia, lia, tishu wanazo, na hakuna anayekuhesabia dakika za machozi.

Na hili ni kwako na kwa kila anayesoma: mawazo ya kujiua yakija, usisubiri miadi wala kupambazuka. Mwamshe mtu wa karibu akae nawe, mwende chumba cha dharura, Bugando au Sekou Toure, usiku wowote. Kwa walio chini ya miaka 18 na wanaowalea, 116 inapigwa bure.

Nimekutumia ujumbe pembeni. Niambie kesho ofisi inafunguliwa saa ngapi. Jumatano mchana sina vipindi, nitakuja Malimbe tuingie wote hadi mapokezi, kisha nitakusubiri nje.